Marehemu Niliyemlisha Maneno

Nimeaibika mbele za watu mara nyingi, sitaki kuficha. Niliwahi kutumbukiza mguu katika pipa la lami mbele ya watu niliokuwa naposa kwao, niliwahi kutolewa msikitini Lindi kwa kukoroma katikati ya hotuba, na hayo yote huwa nayasimulia mwenyewe huku nacheka kuliko ninaowasimulia. Lakini lile la Likunja nimekaa nalo kifuani miaka mingi, maana ndani yake lilikuwamo bonde la watu, bonde la Namtila, ambalo mama mmoja na ukoo wake nusura walipoteze kwa sababu ya kalamu yangu mimi, mtu niliyeishia darasa la tatu. Basi leo nalitoa lote, na atakayenicheka anicheke, ila asicheke mapema.

Mimi ni mtu wa Lionja. Shule niliiacha kwa kiherehere tu. Mwalimu akifundisha hesabu, mimi nilitaka kujua lori linalopita nje linakwenda wapi, na siku moja nikalifuata (kweli nililifuata, na daftari mkononi), nikaibukia Lindi, nikakata mkonge, nikabeba mataruma ya reli, nikauza chumvi kijiji kwa kijiji mpaka Ruangwa, na kila nilipozoea mahali miguu ilianza kuwasha. Ilipoingia miaka ile ya karanga, Waingereza walipoleta mashine kufyeka pori wazilime, watu wakamiminika Nachingwea kutoka kila upande kuona pori linavyogeuzwa mji, nami nikarudi, kwa sababu jambo la kuonwa likiwapo halikosi kuniona na mimi nipo.

Hapo ndipo nilipopata kazi kwa Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mchanga. Nyumba yake ilijaa makopo ya udongo, kila kopo na kikaratasi chake, na yeye hakuona haya kuuonja udongo kwa ncha ya ulimi mbele za watu. Hakuwa mkulima. Alikuwa akichunguza udongo ili aandike makala katika jarida la wataalamu, lile lililochapwa Dar es Salaam na kusomwa na watu wa mbali ambao hatutawaona. Na alikuwa na wazo ambalo Wazungu wenzake walilicheka waziwazi: kwamba watu wa huku wanaujua udongo wao kuliko mashine zilizoletwa, kwa hiyo kabla ya kufyeka, waulizwe kwanza. Akatunga maswali saba kwa Kiswahili, akanipa karatasi thelathini, niende Lionja, niende Kiegei, nimalizie Likunja upande wa Ruangwa, kila mzee karatasi moja, jina lake juu, siku aliyosema, majibu yake, na mwisho dole gumba lake kwa wino.

"Chande," aliniambia (alikisema Kiswahili polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo), "atakayesoma yuko mbali. Hawezi kuja Lionja kuuliza. Ataamini tu. Neno ambalo mzee hakusema, usiliandike. Hata likiwa zuri. Hata kama wewe unajua ni kweli."

"Ndiyo, bwana," nikajibu, na akili yangu ilikuwa imeshaanza safari.

Karatasi ishirini na tisa nilizijaza kwa haki, nalisema hilo nikijua kwamba halina maana tena kulisema. Nilianza na mjomba wangu, Mzee Mfaume, pale pale Lionja. (Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba tunamheshimu, lakini ukiharibu huko nje wanauliza mjomba wako nani.) Mjomba alilichukua jambo lile kwa uzito ambao mimi sikuwa nao. Alinifanya nimsomee kila jibu nililoandika, mara mbili, mara tatu, na mahali nilipoandika "mchanga mwekundu ni wa ufuta" alinizuia.

"Sikusema hivyo. Nimesema mwekundu wa mtelemkoni. Wa juu ni mwingine. Futa."

"Mjomba, si ni kule kule?"

"Ni kule kule kwa miguu yako, wewe unapita tu. Futa."

Nikafuta. Akaweka dole lake, akalitazama muda mrefu pale kwenye karatasi, akasema, "Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam atajua kwamba Mfaume amesema." Nikasema ndiyo. Akafurahi siku nzima.

Basi ikabaki karatasi moja, ya Likunja. Na hapa ndipo penye kosa, na kosa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya ufuta. Ilikuwa Ijumaa, niko Nachingwea, nilishafunga kifurushi changu niondoke, nikasikia watu wakisema kesho matingatinga mawili yatafungwa mnyororo mmoja, mnyororo wa nanga ya meli, kila kiungo kinene kama paja la mtu mzima, na yatakwenda sambamba yakikokota mnyororo ule na kuangusha miti yote iliyo katikati. Sasa niambieni, mtu kama mimi aende Likunja kuuliza habari za udongo, aache mnyororo wa meli unaotembea porini? Nikabaki. Na nilivyoona siwezi kusema sikuona kitu: mininga iliyosimama tangu kabla ya babu zetu ililala yote upande mmoja kama watu walionyang'anywa shuka, na kanga wakakimbia kutoka vichakani wakipita katikati ya miguu yetu. Nilisimama pale kutwa. Jumapili nikaamka viungo vinaniuma, na Jumatatu Bwana Mchanga alizitaka karatasi zake zote.

Nikajiambia, Chande, Likunja si unaijua? Nilipokuwa nauza chumvi niliwahi kulala kule siku mbili kwa mzee mmoja anaitwa Nangumbi, mkubwa wa ukoo wake, mpole, akanipa mkeka wake mwenyewe na nikala ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka nikashindwa kuinama. Mzee kama yule angejibu nini ambacho wenzake hawakujibu? Nikakaa nyuma ya mgahawa wa chai, nikaandika juu: Mzee Nangumbi, Likunja. Nikaweka siku. Majibu sita ya kwanza niliyachota huku na huku katika karatasi za wengine.

Swali la saba liliuliza: ardhi gani mmeiacha, na kwa nini? Wazee wote walikuwa wamejibu neno moja, kwamba hawaachi ardhi, wanailaza, ikishapumzika wanairudia. Nami niliona nikiandika hivyo tena mara ya thelathini, Bwana Mchanga hatashtuka. Alikuwa na tabia, akisoma jibu jipya hupiga meza kwa kiganja na kusema "Ahaa!", na mimi ile "ahaa" nilikuwa nimeanza kuipenda kama mtu anavyopenda tumbaku. Nikakumbuka bonde nililopita njiani kwenda kwa Nangumbi, Namtila, majani marefu, hakuna mtu. Nikaandika: "Bonde la Namtila tumeliacha siku nyingi. Halina mwenyewe."

Sitajitetea kwamba sikujua. Mtoto yeyote wa kwetu anajua alama ya shamba lililolazwa: visiki vimeachwa usawa wa kiuno ili vichipue, mawe yamekusanywa mahali pamoja, njia yake ndogo haifi. Visiki niliviona kwa macho yangu, mawe niliyakalia nikala muhogo. Nilijua kabisa kwamba bonde lile lina wenyewe. Niliandika halina kwa sababu lilisomeka vizuri.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikachovya dole langu mwenyewe katika wino.

Bwana Mchanga alipofika swali la saba akapiga meza. "Ahaa!"

Ikapita mvua, yakapita mavuno, na jarida likaja. Alinionyesha mwenyewe. Sikujua Kiingereza, lakini majina yetu yanasomeka popote: nikaliona la Mfaume wa Lionja, nikayaona ya wazee wa Kiegei, na mahali fulani kuelekea mwisho nikamwona Nangumbi wa Likunja na bonde lake la Namtila, na chini kabisa, kwenye shukrani, jina langu. Niliogopa kidogo, siwezi kukataa, lakini niwaambie jambo la ajabu: kitu kikishapigwa chapa huanza kuonekana kweli hata kwa yule aliyekitunga. Baada ya siku chache nilikuwa naona kabisa, kama kumbukumbu, Mzee Nangumbi amekaa barazani kwake ananiambia habari za Namtila. Nikazunguka Nachingwea na ukurasa ule, nikiwaonyesha wapishi na madereva jina langu, na waliponiuliza limesema nini, nikawaambia, "Mambo ya kitaalamu, hamtayaelewa."

Sasa, katika wale waliolisoma walikuwamo wakubwa waliokuwa wakitafuta ardhi zaidi ya kulima karanga. Wao hawakujali mtelemkoni wala juu. Walichoona ni mstari mmoja: bonde, halina mwenyewe, mzee wa pale pale amesema. Wakapeleka watu wa kupima, wakapigilia vigingi Namtila kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wa Likunja wakavingʼoa usiku huo huo. Vikapigiliwa tena. Vikangʼolewa tena. Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali wa wilaya, akaitisha baraza, na kwa kuwa jambo lote lilisimama juu ya makala ya Bwana Mchanga, akamwita naye.

Bwana Mchanga hakufurahia ardhi ya watu kuchukuliwa, hilo nililiona. Lakini aliniambia, "Kama mzee mwenyewe alisema, sina la kufanya. Nataka nimsikie kwa masikio yangu. Labda kuna neno umelisahau." Akafunga nakala moja ya jarida katika kitambaa safi ampe Mzee Nangumbi zawadi, akachukua sanduku lake la bati lenye zile karatasi thelathini, tukapanda lori.

Njiani nilitaka kumwambia. Naapa, mara tatu nilifungua mdomo, na mara tatu lori likaruka shimo nikauma ulimi, nikaona ni alama kwamba ninyamaze. (Mwoga hakosi alama.) Nilijipa matumaini kwamba Nangumbi ni mpole, atanitazama, atanikumbuka, labda atanifichia aibu.

Tulikuta watu wamejaa mbele ya nyumba ya jumbe wa Likunja, wanaume mbele, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Bwana Shauri amekaa mezani. Wakaniweka karibu na meza, na mimi nilikuwa nimevaa koti la kuazima na viatu vya kuazima, kimoja kikinibana, nimesimama kama karani wa maana. Bwana Shauri akasoma ule mstari, na mwezi uliotajwa, kwa Kiswahili. Manung'uniko yakapita kwa watu kama upepo kwenye mtama mkavu. Akasema, "Aje huyo Mzee Nangumbi, atuambie mwenyewe."

Jumbe akainamisha kichwa.

"Nauliza, Mzee Nangumbi yupo?"

"Yupo," ikajibu sauti ya mwanamke.

"Aje basi."

"Hawezi kuja, bwana. Twende sisi. Si mbali, ni hapo nyuma ya mkorosho wa pili."

Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, amejifunga kaniki. Akasimama. "Mimi ni Somoe, dada yake wa tumbo moja. Kaka yangu yuko kaburini. Huo mwezi mliousoma hapo, alikuwa amekwisha kulala mle mwaka na zaidi. Niambieni alitoka vipi kuja kusema."

Bwana Mchanga akanigeukia. Hapo ndipo ningesema kweli na aibu ingekuwa ya ukubwa fulani. Mimi nikaiongeza.

"Labda," nikasema, "labda tarehe. Tarehe nilikosea. Alisema zamani, nilipokuwa nauza chumvi, mimi nikaja kuandika baadaye."

"Ulipouza chumvi," Bwana Mchanga akasema polepole, "mimi nilikuwa bado sijatunga maswali."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Nikatafuta mlango mwingine. Kwetu mkubwa wa ukoo akifa, jina lake hupewa mpwa wake, mtoto wa dada, naye huitwa jina lile lile na kukaa pale alipokaa mjomba. Nikaukimbilia mlango huo. "Sasa nimekumbuka! Aliyesema ni mpwa wake, aliyerithi jina. Huyo ndiye Nangumbi niliyemwandika."

Nilidhani nimepona. Lakini Bi Somoe alinisogelea hatua mbili.

"Jina la kaka yangu halijarithiwa," akasema. "Mwanangu ndiye atakayelipokea, yule pale amekaa. Tunangoja mtama. Watu wa koo zote watakuja, watakula siku tatu, na mtama huo utatoka Namtila, kwa sababu huku juu pamechoka, tumelima mpaka udongo umekuwa majivu. Namtila tumeilaza tangu kaka yangu yu hai, kwa amri yake. Msimu huu ndio tunairudia. Ninyi mmeweka vigingi. Sasa wewe unasema jina limekwisha kurithiwa. Nani alilirithisha? Wewe?"

Mzee mmoja akadakia, "Kumbe anaonana na wafu huyo! Ukirudi kwa Nangumbi mwambie jembe langu aliondoka nalo!"

"Na baba yangu msalimie!" mwingine akasema.

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na mawe ndani yake. Bwana Mchanga hakucheka. Alifungua sanduku la bati, akatafuta, akatoa karatasi ya thelathini, akampa jumbe. "Dole hili ni la nani?"

Jumbe akainua karatasi kwenye jua. "Dole gani hili? Lina mstari katikati, kama limepasuliwa."

Sasa mimi nilipokuwa nakata mkonge, kisu kilinipitia dole gumba la kulia, kovu lake nitazikwa nalo nikifa. Mkono ukaingia mfukoni mwa koti wenyewe, mimi sikuutuma.

"Mwanangu," Bi Somoe akasema, na hakupaza sauti, "toa mkono mfukoni."

Nikautoa mkono wa kushoto.

Jamani, nimesikia vicheko katika maisha yangu, lakini kile sijakisikia tena. Wanawake walipiga vigelegele vya kejeli, mtoto akalia kwa kushtuka, hata askari wa Bwana Shauri aligeuka upande ameziba mdomo. Nilipoutoa wa kulia kile kiatu cha kubana kikanikwaza, nikashika meza, wino wa Bwana Shauri ukamwagika juu ya mkono wangu wote, ikawa mkono mzima ni ushahidi. Nikaketi chini pale pale vumbini, na koti la watu.

Nikasema, "Ni langu. Sikufika. Nilitunga."

Vicheko vikakatika. Bi Somoe akaja akasimama juu yangu, nikajua ananikumbuka.

"Wewe ni yule muuza chumvi. Ming'oko uliyokula nilichimba mimi. Kaka yangu alilala chini ili wewe ulale kwenye mkeka. Ungekuja ukakuta amekufa, mimi nilikuwepo. Ungeniuliza mimi. Ningekujibu yote."

Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama hilo neno, nilikuwepo.

Bwana Shauri alitaka kumaliza. Akasema vigingi vingʼolewe, Namtila ina wenyewe, baraza limekwisha. Na huko Likunja watu wakashangilia, na mimi ningependa mkasa uishie hapo. Lakini akamgeukia Bwana Mchanga akamwambia kwa upole, "Karatasi moja tu ndiyo mbovu. Ifute hiyo. Ishirini na tisa ni nzuri, makala yako inasimama."

"Nani ameniambia ni nzuri?" Bwana Mchanga akauliza. Akanionyesha mimi pale chini. "Huyu."

Nikapiga magoti. "Bwana, wallahi zile ni kweli. Mmoja ni mjomba wangu mwenyewe! Aliniambia nifute, nikafuta! Zile ni kweli tupu!"

"Huenda ni kweli, Chande," akasema. "Lakini 'huenda' siwezi kuichapa."

Akaandika barua kwa wenye jarida kwamba makala yote isiaminiwe, yote, si mstari mmoja. Alinisomea kabla ya kuituma, ili nijue imesema nini. Hakuandika kwamba nilimdanganya. Aliandika kwamba yeye hakuhakikisha. Barua ilipochapwa ilikuwa ya mistari michache, pembeni, chini ya tangazo la mkutano, na mtu angeweza kuipita bila kuiona. Wenzake waliiona. Nilikuwa nje ya dirisha nikikusanya vitu vyangu niliposikia mmoja wao akimwambia, kwa Kiswahili chao cha kuchanganya ili mpishi naye acheke, "Si tulikuambia? Wenyeji hawaulizwi, udongo ndio hupimwa." Nadhani hilo ndilo lilimuuma kuliko makala. Kitu pekee alichotaka kuthibitisha, mimi nilikuwa nimewapa wanaomcheka ushahidi wa kinyume chake.

Hakunifokea. Alisema hana kazi ya kunipa tena, akanipa zile karatasi ishirini na tisa. "Zirudishe kwa wenyewe. Uwaambie wewe."

Nikazunguka nazo, Kiegei kwanza, kibanda kwa kibanda, nikisema maneno yale yale, na kila mahali ni kama naanza upya. Wengine walinifukuza, wengine walinipa maji. Lionja niliiacha ya mwisho. Mjomba alikuwa anapalilia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaishika karatasi yake, akaigeuza juu chini, hakujua kusoma.

"Kwa hiyo na mimi nimekuwa mwongo?"

"Hapana, mjomba. Wewe ulisema kweli."

"Lakini kule mbali wanajua nini?"

Mjomba akaikunja karatasi akaitia kwenye kikapu cha mbegu. Kesho yake alinijia amevaa kanzu, ana kuku chini ya kwapa na unga wa mtama kwenye kibuyu. "Twende Likunja."

"Mjomba, kosa ni langu."

"Wewe una kosa. Mwenye mpwa ndiye mwenye aibu. Tangulia."

Tulitembea siku mbili, yeye mbele kwa kuwa mimi nilishindwa kutangulia, mzee ambaye maneno yake nimeyaua, anakwenda kuomba radhi kwa maneno ambayo hakuyasema. Bi Somoe alitupokea. Nyuma ya mkorosho mjomba alichuchumaa, akamimina unga kidogo kidogo ukawa kichuguu cheupe juu ya kaburi, akasema, "Nangumbi, mimi ni Mfaume wa Lionja, hatukujuana. Kijana wangu alikulisha maneno. Nimekuja kuyatoa." Akanitaka niyataje, yote, na neno lile la halina mwenyewe, kwa sauti. Nikayataja. Kisha mwanawe Bi Somoe akasoma Fatiha, tukaitikia.

Tuliporudi barazani Bi Somoe akampa mjomba kigoda. Majirani wakaja mmoja mmoja kutazama mjomba wa mwongo anafananaje. Halafu Bi Somoe akauliza, "Na wewe alikuuliza yale maswali saba?"

"Aliniuliza."

"Ulimjibu nini?"

Mjomba akaanza. Alisema yote, tangu la kwanza, bila karatasi, udongo gani wa muhogo na gani wa kunde, mti gani ukiota unajua chini kuna maji, na alipofika kwenye mchanga mwekundu Bi Somoe akamkatiza: "Wa mtelemkoni au wa juu?" Mjomba akageuka kwenye kigoda, akamtazama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, akasema, "Wa mtelemkoni!" Wakaendelea hivyo mpaka kuku akaiva, wakibishana, wakikubaliana, watu wakiongeza yao. Yale yote Bwana Mchanga aliyoyatafuta yalikuwa yakisemwa pale mbele yangu, na mimi nimekaa kwenye kona na kidole changu chenye kovu, sina kalamu, na hata ningekuwa nayo hakuna aliyegeuka kuniambia niandike.

Namtila walilima msimu ule. Sherehe ya jina ilifanyika, mimi sikualikwa, wala sikutarajia. Bwana Mchanga aliondoka Nachingwea karanga ziliposhindikana, na sikusikia kwamba aliandika tena.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, maana miguu haijatulia. Bado watu wananiomba niwaandikie barua, kwa kuwa najua kalamu, na wengi wakichoka katikati huniambia, "We Chande malizia tu, si unajua ninachotaka kusema?" Naweka kalamu chini. Nawaambia sijui. Nakaa pale nangoja, hata jua likizama, mpaka mwenyewe aseme.